Shuka la Mama Katungu

Upepo haukuwepo kabisa jioni ile, lakini vile vizimu vya kitambaa mlangoni kwa Ornella vilikuwa vinapumua.

Alivitengeneza mwenyewe kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya Wazungu ya kutishana kwa mizimu: pamba kichwani, uzi shingoni, macho ya kalamu. Boga kalichonga, mishumaa kaitia kwenye chupa za jemu. Vitu vidogo tu, ila majirani wa Mount Druitt, waliochoka kufungiwa ndani na korona, walipita kutazama. Na Ornella anavyopenda kutazamwa, tusifichane!

Kitambaa alikitoa wapi? Hapo ndipo penye maneno. Mama mkwe wake, Katungu, alikimbia vita kwao Butembo na shuka jeupe alilolitarizi maua ya bluu. Alikaa nalo kambi ya wakimbizi miaka kumi na moja, asilitandike hata siku moja. "Munizike nalo," alisema. Korona ikamchukua huku ugenini mwezi wa Agosti, ambao huku ni wa baridi kali. Ornella akamwambia mumewe, Patient, kwamba hospitali imekataa shuka. Uongo mtupu! Hakulipeleka. Bibi kizee aliwahi kumwita mvivu mbele ya kanisa zima. "Aende na baridi yake," Ornella alijisemea.

Sasa vizimu vinapumua. Kitambaa kinaingia pale penye mdomo, kinatoka, kinaingia tena, kwa kukokota, vilevile Katungu alivyokokota pumzi kwenye simu siku ya mwisho. Sebule ikanuka ugoro, na nyumba ile hakuna mvuta ugoro aliyebaki.

Kelly, bintiye wa miaka sita ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akageuka polepole.

"Mukamwana," alisema kwa sauti ya kizee, "nasikia baridi. Leta shuka yangu."

Ornella akampigia simu Mama Wanjugu, Mkenya mwombeaji.

"Umefanya nini, wewe?" Mama Wanjugu alinong'ona.

Akamweleza.

"Sanda ya mtu! Ngai! Lishone lirudi zima, nilipeleke kaburini. Likipungua hata kiraka, huyo mtoto humpati."

Ornella akavikata vizimu shingo kimoja kimoja, akashona huku sindano ikimchoma, na Kelly ameketi mbele yake bila kupepesa macho, akivuta pumzi zile za kukokota, na kila kipande kilichoungwa kilikuwa baridi kuliko kilichotangulia, hadi kukapambazuka.

Asubuhi Mama Wanjugu alisimama getini. Ornella akavaa barakoa kwa mazoea, akamtolea shuka. Mama Wanjugu akalitandaza juu ya uzio. Kwenye kona palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja.

"Kipande cha hapa kiko wapi?"

Dirishani Kelly alicheka kile kicheko cha bibi yake, akajigusa mdomo.

Ndipo Ornella alipokumbuka. Mwezi wa Septemba alikata kona ile kwanza, akajishonea barakoa ya maua ya bluu iliyosifiwa na kila mtu. Ndiyo hiyo aliyoivaa, na sasa ilikuwa na ladha ya ugoro. Ikaingia mdomoni. Haikutoka.

Mama Wanjugu alivuta kwa mikono miwili mpaka kamba za masikioni zikakatika zote. Barakoa haikuanguka.