Rangi Chini ya Bolti

Kitu cha kwanza alichokiona kwenye lori kilikuwa bolti. Bolti moja kuukuu, yenye kutu, nyuma ya gurudumu la mbele, imebana waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, kwenye chesisi ya chuma. Chuma kilicho chini yake kilikuwa bluu. Rangi mbichi ilikuwa imebinyika na kutokeza pembeni, kama siagi kati ya vipande vya mkate.

Walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Maneno yake yalichelewa tu, na yakifika, watu wameshahamia mengine.

JUMATATU, SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha gereji. Meza moja, ramani ya kuchora kwa mkono, watu watano.

"Ghala la nyaya za shaba," alisema Mjomba. "Mlinzi wa pale hafungui geti kwa bunduki. Anafungua kwa rangi. Akiona lori la bluu, taa kubwa zinawaka, taa ya paa inazunguka, anajua ni la kampuni. Ijumaa, saa sita kasoro, walinzi wanabadilishana zamu. Tunaingia na karatasi zetu, wanatupakilia wenyewe, tunaaga, tunaondoka."

"Tukitoka?" aliuliza Msumari, ambaye kazi yake ilikuwa kutisha watu.

"Mlima, halafu machimbo ya kokoto. Wewe utakuwa unasubiri huko na gari jingine. Dakika ishirini na tano, mchezo umekwisha."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Ila Bubu na kaka yake walipofiwa na baba yao, fundi umeme wa magari, ni yeye aliyewachukua, akawapa pa kulala na kazi ya kufanya. Bubu aliacha shule darasa la tano, akashika spana. Kaka alishika usukani. Alimwamini Mjomba kama anavyoamini breki.

"Dereva, umeelewa?"

"Nimeelewa, Mjomba," alisema Kaka.

"Injinia?"

Injinia aliipapasa mashine yake ya kupimia magari. "Lori liko tayari. Nimelipeleka kupakwa rangi mwenyewe. Wamefungua kila kitu, wamepuliza, wamefunga."

Bubu alitazama sakafu. Wamepuliza, halafu wamefunga. Juu ya rangi.

JUMATANO, SAA NANE MCHANA

Lori lilizima kwa mara ya tatu.

Walikuwa wamelinunua mnadani, limeshapita mikono mitatu. Likiwa tupu, taa zake zimezimwa, lilikimbia kama jipya. Lakini wakilipakia mawe na kuwasha taa zote, dakika ya kumi na nane taa ya onyo ya injini iliwaka, nguvu zikaisha, likajikokota, likafa. Dakika ya kumi na nane. Kila mara.

Jumatatu mashine ilisema ubovu uko kwenye sensa ya dizeli, kile kidude kinachopima mafuta na kuiarifu injini. Wakabadilisha. Jumanne ikasema sensa ya turbo. Wakabadilisha. Sasa ilisema sensa ya joto.

"Hii gari ina laana!" Injinia alirusha bisibisi ukutani.

"Siku mbili zimebaki," alisema Mjomba taratibu. Alipoongea taratibu, kila mtu alisogea nyuma.

Bubu alikuwa ameshapima kwa mita ya marehemu baba. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, taa zikiwaka. Sindano ilitakiwa isimame karibu na sifuri. Ilipanda mpaka volti mbili, ikapita. Sensa zote zile zilirudisha umeme kwenye njia moja, ile bolti ya arthi, na njia ilikuwa imezibwa na rangi. Sensa zilikuwa nzima. Zilikuwa zinasema kweli kwa sauti isiyofika.

"Labda arthi..." alisema.

"Nani kaongea?" Msumari aligeuka, akacheka. "Jamani, leo Bubu kafungua redio!"

"Mashine inasema sensa," Injinia alifoka. "Mashine imesoma kuliko wewe, mama. Darasa la sita uliliona dirishani."

Kaka naye alicheka kidogo, kisha akaona haya, akamshika bega. "Mwache Injinia afanye kazi yake, mdogo wangu."

Meno yalimuuma Bubu kwa kuyabana. Siku tatu. Na ilihitaji dakika mbili tu za msasa chini ya bolti. Siku tatu!

ALHAMISI, SAA SABA MCHANA

Walipokwenda kula, alilala chini ya lori. Akafungua bolti, akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Sindano ya mita ikalala kwenye sifuri.

Jioni lori lilibeba mawe saa nzima bila kukohoa. Injinia aliibusu sensa yake ya tatu.

"Ndiyo maana nilikuita Injinia," Mjomba alimwambia.

Bubu aliosha mikono. Hakujali sifa. Alitaka Kaka afike salama, basi.

IJUMAA, SAA TATU NA NUSU ASUBUHI

Alikuwa chini ya lori akitia grisi. Aliona viatu viwili vya Mjomba, halafu buti za Msumari.

"Shimo?" aliuliza Mjomba.

"Nimelichimba jana. Refu."

"Akishashusha mzigo. Si kabla. Uso wake utakuwa kwenye kamera ya geti, picha yake iko kwenye karatasi. Uso ukipotea, kesi imepotea."

"Na dada yake, Bubu?"

"Yule? Atamwambia nani?"

Viatu vikaondoka.

Alibaki chini mpaka grisi ikamdondokea shavuni. Kisha akamtafuta Kaka. Alimkuta anapiga pasi sare ya bluu, anaimba.

"Kaka. Usiende."

"Umeanza." Hakuinua macho. "Kwa nini nisiende?"

"Mjomba..." Angemwambia, naye angefanya nini? Angetoka na pasi mkononi, moja kwa moja, akamuulize Mjomba kama ni kweli. Ndivyo alivyo. Na shimo lingehamia hapohapo uani.

"Mjomba kafanyaje?"

Buti za Msumari zilisimama mlangoni. "Dereva! Unapiga pasi au unaoa?"

"Nakuja!" Kaka alimpiga Bubu kidole puani, kama enzi za utoto. "Utakuwa nyuma yangu na Injinia. Kikiharibika kitu, utatengeneza. Wasiwasi wa nini?"

SAA NNE KAMILI

Kopo la rangi lilikuwa dirishani, ile waliyotumia kuandikia jina la kampuni. Rangi ya kukauka haraka. Bubu alifungua ile bolti ya arthi. Akapaka mara moja, akaacha joto la injini likaushe. Akapaka tena. Kazi ilikuwa safi. Akafunga.

Kutoka gereji hadi ghalani ni dakika kumi, lori tupu. Kutoka ghalani hadi kileleni mwa mlima ni ishirini, na mzigo, na taa zote.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA TANO

Geti lilifunguka, lori likatoka. Mabunda manane ya nyaya za shaba mgongoni. Kaka alimpungia mlinzi, mlinzi akapunga.

"Umeona?" Injinia alipiga usukani wa gari dogo ambalo yeye na Bubu walilifuata nalo lori. "Sensa ile! Yangu!"

Bubu alitazama saa ya dashibodi. Dakika tano. Kumi. Mlima ukaanza. Kumi na tano. Kumi na saba.

Moshi mweusi ulitoka. Lori likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama katikati ya mlima, limeziba njia.

"Hapana," Injinia alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Aliruka nje na mashine yake. Kaka alikuwa ameshainua kabini, jasho linamtoka.

"Inasema nini?"

"Dizeli! Turbo! Joto! Inasema zote!" Injinia alikuwa karibu kulia. "Bubu, leta sensa!"

Alileta. Alisimama na spana mkononi, hatua mbili kutoka kwenye bolti.

"Mdogo wangu." Kaka alimtazama. "Baba angefanya nini? Fanya kitu."

Hakusogea. Hakuna siku spana iliwahi kuwa nzito vile.

Nyuma yao lori jingine lilipiga honi. La bluu. Taa ya paa inazunguka. La kampuni, la kweli. Dereva wake, mtu mnene mwenye tabasamu, alishuka akivuta suruali juu.

"Poleni, wenzangu! Mnatoka yadi gani? Mbona sikufahamu, ndugu yangu?"

Walilipaka lori rangi ili kila mtu aamini ni la kampuni. Mtu aliamini.

"Ngoja niwaitie fundi wetu," alisema, akachukua simu. "Namba ya lori ngapi? Haloo, ofisi... Namba gani? Eti hakuna lori kama hilo?"

Injinia aliingia kwenye gari dogo, akageuza, akakimbia.

"Kimbia!" Kaka alimnong'oneza Bubu.

Bubu alimshika Kaka mkono wa sare. Kama angemwachia, angekimbilia machimbo. Alijua. Alimshika mpaka ving'ora vikasikika.

Polisi walipomfunga pingu, Kaka aliwaambia jambo moja tu. "Huyu dada ni fundi, nimemwita barabarani. Hanijui."

MIEZI MITATU BAADAYE, JUMAPILI, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha kuonea wafungwa. Wavu katikati, viti vya mbao. Kaka alikuwa amekonda.

Injinia alikamatwa siku ileile, na hakuhitaji hata kofi kusema yote. Msumari walimkuta machimboni, sepetu imeegemea gari. Mjomba walimtoa chumba cha nyuma. Aliapa mahakamani kwamba shimo lile lilikuwa la kufukia namba za lori.

"Mjomba hajambo," alisema Kaka. "Kanitumia salamu. Masikini, kwa sababu ya lori bovu tunaozea humu wote." Akajikuna kichwa kilichonyolewa. "Nimefungwa miaka saba, na bado nawaza ile gari. Alhamisi ilikimbia saa nzima. Ijumaa ikafa. Hivi ilikuwa na nini?"

Askari alitazama saa yake. Bubu aliweka vidole kwenye wavu. Maneno yalikuja polepole kama kawaida, lakini safari hii Kaka alibaki akiyasubiri.

"Ilikuwa na rangi, Kaka. Chini ya bolti ya arthi. Niliiona Jumatatu, nikaikwangua Alhamisi. Ijumaa nikaipaka tena. Shimo lilikuwa lako. Niliwasikia. Lori nililiua mimi, na spana ilikuwa mkononi mwangu."