Chupa ya Kimchi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia uani, akachota maji, akafua sare zake na za mdogo wake Kibonge, kisha akaingia jikoni kupanga vyombo. Walimwita Chiriku kwa sababu zamani alikuwa haishiwi maneno. Siku hizi alifanya kazi kimya, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Kila mtu mtaani alijua kwamba mama yake amefariki.

Mama alikuwa mpishi katika kiwanda cha vigae. Mafundi waliofunga mitambo ya kiwanda hicho walitoka Korea, na walikuja na mpishi wao, bibi mmoja mcheshi. Ndiye aliyemfundisha Mama kutengeneza kimchi, yaani kabichi inayotiwa chumvi, pilipili, vitunguu saumu na tangawizi, ikashindiliwa kwenye chupa na kuachwa mpaka ichachuke. Wanawake hao wawili walipikia katika chumba kisicho na dirisha. Walipoomba dirisha, msimamizi aliwajibu kwamba moshi wa jikoni haujawahi kumuua mtu. Walipoomba tena, alisema wanadeka. Mama alikohoa mwaka mzima. Alipokufa, kiwanda kilileta katoni ya sabuni na salamu za pole. Sabuni! Mambo ya namna hiyo hayafai kusahauliwa, hata na watoto.

Jikoni Mama aliacha chupa moja kubwa ya kimchi, ya mwisho kutoka mikononi mwake. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, aliitunza kama mboni ya jicho. Kila Jumapili asubuhi alichota kidogo tu. Chiriku aliikaanga pamoja na wali uliolala, akaufunika kwa yai, akaubana katikati ya vipande vya mkate uliochomwa. Chakula hicho Mama alikibuni mwenyewe, nusu Korea, nusu nyumbani. Ilikuwa ndiyo siku pekee Baba alipomaliza sahani yake.

Jumamosi hiyo rafiki yake Chiriku, binti wa fundi viatu, alikuja kuazima mwiko. Chupa iliyokuwa kivulini, ndani ya beseni la maji, ikatoa sauti: fsss!

"He! Nani anapumua humu ndani?" aliuliza yule binti.

"Kimchi ya Mama hiyo."

Binti wa fundi viatu alifungua kifuniko, akaruka nyuma huku ameziba pua. Mapovu yalikuwa yanapanda juu ya kabichi nyekundu.

"Wee Chiriku, hiyo imeoza! Umesahau somo la afya? Chakula kikitoa povu na harufu kali, kimwage. Mwalimu aliapa kabisa. Au mnataka kuzikwa nyote?"

Neno hilo lilimchoma. Chiriku alikuwa ameshuhudia maziko ya mtu mmoja wa nyumba hiyo na hakutaka kumzika mwingine. Rafiki yake alipoondoka, aliibeba chupa hadi chooni akaimwaga yote.

Alipokuwa akiisuuza ndipo akili ikamrudia. Mama alikuwa akifungua chupa, ikatoa mlio huo huo, naye akacheka: "Haya, imeiva hiyo!" Chiriku alikaa chini pale pale uani.

Baba alirudi jioni, akaiona chupa imeinamishwa, tupu.

"Chupa ya mama yenu imefanywa nini?"

Chiriku alifungua kinywa. Alitaka kusema ukweli, lakini kilichotoka ni kingine. "Kibonge... Kibonge ameimwaga, Baba."

Kibonge alikuwa na umri wa miaka sita, na haikupita siku bila kumwaga kitu: maji, chai, mafuta ya taa.

"Ni wewe, mwanangu?"

Mtoto alitazama viganja vyake kama anayeviuliza. "Labda ni mimi," alisema.

Baba hakumpiga. Hakufoka hata kidogo. Aliingia chumbani akalala na viatu vyake vyenye madoa ya rangi miguuni, na Chiriku akaona afadhali angefoka.

Jumapili Chiriku aliwahi kuamka. Alikata kabichi mbichi nyembamba, akaitia siki na pilipili nyingi, akaikaanga na wali, akaweka yai, akabana mkate. Kwa macho, kilikuwa chakula kile kile. Baba alitafuna pole pole kwa muda mrefu, kisha akaweka mkate chini.

"Umejitahidi, mama," alisema.

Kibonge hakugusa chake.

"Kula basi, wewe mwenye tumbo," Chiriku alimtania.

"Sili. Nilimwaga chakula cha Mama. Sasa hatarudi tena, amenikasirikia."

Siku ya maziko Kibonge alikuwa amepelekwa kwa shangazi. Aliporudi, Baba alimwambia kwamba Mama amekwenda mbali kutibiwa, na tangu hapo alikuwa akikaa mlangoni kila jioni kumngojea.

Chiriku aliinuka. "Si yeye, Baba! Ni mimi. Niliona mapovu nikadhani imeoza. Nikaimwaga mimi, kisha nikamsingizia. Nipige mimi!"

Baba alimtazama, macho yamejaa machozi. Hakumpiga. Alimpakata Kibonge.

"Sikiliza, baba yangu. Na mimi nilikudanganya. Mama hakwenda kutibiwa. Mama amekufa. Hatarudi, lakini si kwa sababu yako. Alikuwa mgonjwa wa kifua."

Kibonge alimkazia macho. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Hata chembe."

Ndipo mtoto alipolia, kilio cha watu wazima, na Baba akalia naye.

Baada ya muda Baba alimgeukia Chiriku. "Kumwaga ulikosea, kwa sababu hukujua. Ungeniuliza tu, ningekwambia mapovu yale ni kawaida yake. Hilo nimekusamehe. Lakini ulipomtwika mwenzako kosa lako, ulimtwika yule asiyeweza kujitetea. Msimamizi wa kiwanda alifanya vivyo hivyo. Alisema moshi haudhuru, kosa likawa la mama yenu, eti anadeka. Uongo kila mara hutafuta mgongo mdogo wa kuubeba. Mimi mwenyewe nimeshindwa kusema ukweli, na ona mtoto alivyoteseka. Kuanzia leo, nyumba hii itasema kilichotokea, hata kikiuma."

"Nisamehe, Kibonge," Chiriku alisema.

Kibonge aliitikia kwa kichwa.

"Kesho ukitoka shule tutakwenda kiwandani kwa yule bibi Mkorea wa jikoni," Baba aliendelea. "Utamwomba akufundishe kimchi tangu mwanzo. Na mimi nitaingia kwa msimamizi kudai lile dirisha. Bibi naye ameanza kukohoa."

Kibonge aliuvuta mkate wake, ambao sasa ulikuwa umepoa. Aliuma, akalia, akauma tena, na hakuna aliyemwambia anyamaze.