Kidonda cha Miladin na Chupa ya Shemeji

Stamena alikuwa akimenya viazi aliponusa rakija. Pombe hiyo ya plamu haikosekani nyumba yoyote kijijini. Lakini ilikuwa asubuhi, tena siku ya mfungo wa kanisa. Akaweka kisu, akaenda chumbani.

Mumewe, Miladin, alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti. Bandeji ilikuwa sakafuni. Radovan, ndugu wa Miladin, alikuwa anamimina rakija kwenye kidonda.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Namtibu. Hospitali wamempaka jeli tu, kama ile ya miguu ya nguruwe tunayokula Krismasi. Baba alitutibu kwa rakija na hatukufa."

Stamena alimpokonya chupa. Miladin alikuwa na kisukari, na kidonda cha unyayo kilikataa kupona tangu mavuno ya zabibu. Daktari alishasema: jeli hii ikishindwa, mguu unakatwa.

Akamgeukia mumewe. "Na wewe umekaa kimya? Mguu ni wako, Miladin, lakini atakayekubeba ni mimi."

Miladin akamwomba amwite nesi aliyekuwa akimbadilishia bandeji.

Nesi Gordana alipofika akaambiwa, naye alikasirika. Hakumfokea mtu. Aliomba yai na bakuli. Alitenga ute wa yai, akaumiminia rakija, akawaambia watazame. Ute ukaanza kuwa mweupe, ukaganda kama umechemshwa, na jiko halijawashwa.

"Ute huu ni protini, na jeli ya mguuni ni protini. Ndivyo ulivyoifanya, kaka Radovan."

Akawaeleza kuwa waliotengeneza jeli hiyo waliipima ulaini wake, ifanane na mwili wa mtu. Nyama changa hupanda ndani yake kama mzabibu unavyopanda kwenye waya. Nyama ikikua, jeli huyeyuka polepole. Radovan akanung'unika kwamba pombe huua vijidudu. Gordana akamjibu kwamba huua na nyama changa vilevile.

Kesho yake hospitali walisafisha kidonda, wakaweka jeli nyingine. Walisema hawataweka ya tatu.

Stamena aliifungia rakija kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwa aproni. Bandeji haikuguswa na mtu ila nesi. Miladin hakukanyagia mguu ule, na sukari yake ilipimwa kila siku. Kidonda kikinuka, kikivimba, au homa ikipanda, walijua ni kwenda hospitali mara moja. Stamena alimwomba Mungu ampe moyo wa kumsamehe shemeji. Moyo huo ulichelewa kuja.

Masika yalipofika, kidonda kilikuwa kimeziba. Siku ya mtakatifu wa ukoo wao, mwenye nyumba husimama na kuzungusha mkate uliobarikiwa pamoja na ndugu zake. Miladin alisimama kwa miguu yake miwili.

Radovan alikuja na chupa mpya. Stamena aliipokea mlangoni, akammiminia glasi moja.

"Hii ni ya koo, shemeji. Kunywa hapa hapa, nikikuona."

Radovan akanywa. Stamena akaifungia chupa kabatini.