Lango Lililoachwa Wazi

Todd Lindqvist alisimamisha gari katikati ya korongo la mchanga ili apige picha ya ukurasa wa kitabu chake unaohusu mito isiyo na maji. Nohemi Bracamonte akafungua mlango, akashuka, akapanda ukingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Wanakosimama watu wenye akili."

"Mbona anga limetakata, mama!"

"Hapa. Tazama mvua kule milimani."

Lindqvist hakutazama. Alikuwa ametoka Minnesota wiki mbili zilizopita na tayari ameandika mambo arobaini ya kuwafurahisha watoto kuhusu Arizona. Mchapishaji alimkodi Nohemi, mtaalamu wa maji, ayahakiki. Kufikia saa nne asubuhi Nohemi alikuwa amekata kumi na saba.

Maji yalikuja kwanza kama ulimi wa povu la kahawia unaosukuma vijiti. Lindqvist akacheka, akalipiga picha. Punde yakamfika kiunoni. Mlango wa gari ukambana mguu, akajichomoa akipiga mayowe, na Nohemi akamvuta kwa ukosi wa shati. Gari lilibingirika na kutoweka pamoja na simu zao na lita arobaini za maji ya kunywa.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika. Nohemi alikifunga kwa vijiti viwili na mkanda wake.

"Watatutafuta lini?"

"Jumatatu. Leo Ijumaa."

Siku hiyo walikunywa maji ya matope. Kesho yake mchanga ulikuwa umeyafyonza yote, na joto likapanda hadi nyuzi arobaini na tano. Nohemi alipokwenda kutafuta njia, Lindqvist alipasua kakati, mmea wa miiba mnene kama pipa, na kunyonya nyama yake. Aliporudi alimkuta akitapika.

"Nilisoma kwamba ina maji matamu," alisema.

"Ulisoma, au uliandika?"

Lindqvist akajifuta mdomo.

"Sasa umepoteza maji uliyokuwa nayo tumboni. Kaa kivulini. Funga mdomo, pumua kwa pua."

Alikuwa ameona ua wa seng'enge kilomita mbili kusini. Aliufuata hadi langoni. Upande wa pili palikuwa na ng'ombe kumi na wawili, wanene, na alama za magurudumu ya gari lililopita jana au juzi. Nyumba ya mwenye ng'ombe ingeweza kuwa kilomita ishirini mbele, barabara kuu mbali vilevile, na ulimi wake ulikuwa umeanza kuvimba. Asingefika, na yule mpumbavu asingedumu.

Nohemi alizaliwa katika ukoo wa wafugaji wa Arizona. Kwao, na hasa kwa baba yake Anselmo, lango huachwa kama lilivyokutwa. Mtu anayeliacha wazi hasalimiwi tena. Alisimama akiushika mnyororo uliopata moto kwa jua kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuueleza. Kisha akaufungua, akawaswaga ng'ombe wote nje kuelekea barabara kuu, ili mwenyewe aje kumsaka aliyewatoa, na kurudi kwa Lindqvist akiburuza miguu.

Jua lilikuwa limeinama waliposikia injini na matusi. Mwanamke mzee, Lavinia Stroud, aliteremka na dumu la maji mkononi. Alimtazama Lindqvist, akamlowesha midomo, akamnywesha kidogo kidogo. Baadaye akampa Nohemi. Huruma yake iliishia hapo.

"Haya. Ng'ombe wangu mmoja kagongwa na lori. Nani kafungua lango?"

Lindqvist akainua mkono kwa shida. "Mimi, bibi. Mimi mgeni, sikujua."

Nohemi alimeza maji, akafuta kidevu.

"Hata hilo kakosea," alisema. "Mguu wake umevunjika, angefikaje langoni? Nimelifungua mimi, na nilijua ninachofanya."

"Wewe ni nani?"

"Nohemi. Binti wa Anselmo Bracamonte."

Bibi kizee alimkazia macho. Hasira ikamtoka usoni. Akaenda mbio kufungua mlango wa nyuma wa gari.

"Mshike mabega, mimi nishike miguu," alisema. "Kama binti wa Anselmo kaacha lango wazi, basi kweli mlikuwa mnakufa."