Mistari Miwili Juu ya Silikoni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi Chumvi alifungua kabati la maabara akakuta kisanduku chake hakipo. Kilikuwa na vipande sita vya silikoni alivyooteshea fuwele zenye unene wa atomi tatu tu, jasho la miezi minane. Wenzake walimpa jina la Chumvi kwa sababu hutia chembe za chumvi katika unga wake wa kuoteshea ili fuwele zitambae vizuri.

Kufika saa mbili na nusu, mkuu wa maabara alikuwa ameshampata mwizi wake. Aliumwaga mkoba wa fundi wa tanuri sakafuni mbele ya watu wote, kwa kuwa fundi alikuwa na ufunguo wa kabati. Vikaanguka koleo, miwani na vidonge vya presha.

"Visipoonekana kabla ya saa nne, huna kazi."

Mpelelezi wa chuo, mama asiyetishwa na vyeo, alikuta vidonge vile bado viko chini. Damu ikamchemka.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mimi," mkuu akajibu. "Utanipekua?"

Mpelelezi akamgeukia Chumvi. "Nionyeshe unavyofanya kazi, binti yangu."

Chumvi akatia kibakuli cha unga ndani ya bomba la tanuri, kisha akakifunika kwa kipande cha silikoni, uso chini, kama mtu anayefunika sufuria.

Mkuu akacheka. "Hayo ni mapishi. Mimi nakilaza kipande nyuma ya unga, uso juu, hakigusi kitu. Ndivyo nilivyootesha vya kwangu wiki iliyopita. Viko kwenye hadubini, wageni wanakuja kuviona."

"Basi na mimi ni mgeni. Twende."

Saa tatu na dakika arobaini mpelelezi aliinama kwenye hadubini. Pembetatu ndogo za fuwele zilijaa kote, isipokuwa kwenye mistari miwili mitupu, sambamba.

"Fundi, kibakuli kina upana gani?"

"Milimita kumi na mbili, mama."

Akapima nafasi kati ya mistari. Kumi na mbili. Akapima vipande vyote sita; ni hivyo hivyo.

"Uso ambao haukugusa kitu umepata wapi alama za kingo za bakuli?"

Mkuu alikaa kwenye kiti. "Miaka mitatu sijaotesha hata kimoja. Wageni wanakuja kuamua kama bado nafaa."

"Ukaona bora umfukuze mgonjwa wa presha kwa wizi wako? Huna haya."

Mkuu akamvuta fundi pembeni. "Nisamehe, ndugu yangu," akanong'ona.

Fundi akauchomoa mkono wake. "Mwizi uliniita mbele ya watu. Radhi usiniombe pembeni."

Akafungua mlango wa ukumbi, ambako wageni walikuwa wameshakaa, akasimama kusubiri mkuu atangulie.