Saini ya Breki

Saa kumi kamili alasiri, wenzao wakikimbilia mpira, wanachama saba wa Chama cha Programu waliingia chumba cha kompyuta na kuanza kugombania viti. Kompyuta zilikuwa kumi na nne. Tisa zilifanya kazi, nne zilikuwa zimekufa, na moja ilikuwa mgonjwa: iliwaka siku iliyotaka yenyewe. Mwalimu mlezi aliketi mlangoni akisahihisha madaftari, na kila baada ya muda alisema "kelele" bila kuinua kichwa, kama mtu anayefukuza nzi.

Mwepesi kuliko wote alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Kiroboto, kwa sababu hakuna kiti kilichowahi kumshika. Vidole vyake viliandika programu kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Kiongozi wa chama alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye walimwita Breki. Jina hilo alilipata kihalali. Kila kazi ilipokamilika alisema, "Ngojeni kwanza niisome," na safari nzima ikasimama.

Chama kilikuwa na sheria moja kuu: hakuna aliyepitisha kazi yake mwenyewe. Ukimaliza, mwenzako aisome mstari kwa mstari, kisha atie saini katika daftari la chama. Kiroboto aliiona sheria hiyo kuwa ni adhabu iliyotangulia kosa.

Muhula ule walikuwa wakitengeneza programu ya kutuma ujumbe kwenye simu za wazazi. Ndani yake mlikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya wazazi wa kubuni, watu kama Bwana Pua na Bibi Kisigino, ambao ujumbe wao wote uliishia kwenye simu moja kuukuu ndani ya droo ya mwalimu. Ya pili ni ya wazazi halisi, mia tatu na kumi na wawili. Mstari mmoja tu wa programu ndio ulioamua ni orodha ipi itumike. Na kwa majaribio walitunga ujumbe, kila mtu akichangia neno lake, mpaka ukasomeka hivi: "Mzazi, mwanao amefukuzwa shule kwa kumng'ata mwalimu wa hisabati. Njoo umchukue. Uje na kamba."

Siku hizo walikuwa wakimsubiri mgeni. Mhandisi wa programu, mama mwenye kampuni yake, angekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kujifunza kazi ofisini kwake likizo nzima. Kila mtu alijua kwamba nafasi hiyo ni ya Breki. Hata Breki alijua, akawa anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Ijumaa moja Kiroboto alitaka kuona kama programu ingeweza kubeba orodha ndefu. Akaugeuza ule mstari kuelekea wazazi halisi, akatazama majina mia tatu yakishuka kwenye kioo kama mvua, akaridhika. Hakutuma kitu. Alipotaka kuurudisha mstari, kengele ya chakula ikalia, naye hakuwa mtu wa kubishana na kengele ya chakula.

Mlangoni Breki alimwuliza amebadilisha nini siku hiyo.

"Nimepanga majina vizuri tu, dada."

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi tena?"

Hakuwa amesahau. Alijua kwamba akisema ukweli Breki angewarudisha wote ndani, na foleni ya chakula ilikuwa imeshafika uwanjani. Angeurudisha Jumatatu, nani angejua? Breki naye alikuwa na njaa, na alikuwa amechoka kuitwa Breki. Kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, alitia saini bila kusoma.

Jumatatu asubuhi mwalimu mlezi alitaka kumwonyesha mwalimu mkuu kazi ya vijana wake. Akabonyeza kitufe cha kutuma. Wakasubiri. Simu ya kwenye droo haikulia. Zililia nyingine mia tatu na kumi na mbili.

Kufikia saa nne geti lilikuwa limejaa. Babu mmoja, mtu wa kutii maagizo, alikuja na kamba kweli, imeviringishwa vizuri begani. Watu walicheka, na Kiroboto dirishani akacheka kuliko wote. Kisha akamwona mama wa mtoto wa darasa la tano, bado amevaa koti la kiwandani. Alikuwa ameiacha mashine yake ikizunguka, akakimbia bila kuaga. Alipokuwa amemkumbatia mwanawe, akimpapasa kama anayehesabu viungo, simu yake ililia. Alisikiliza, akasema "ndiyo, bosi" mara mbili, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi. Msimamizi wake alikuwa amemwambia asirudi.

Mwalimu mkuu aliwaita wote saba na kufungua daftari. Akauliza saini ile ni ya nani.

"Yangu, Mwalimu," Breki alisema. "Nilitia saini bila kusoma."

Akauliza ni nani aliyeugeuza mstari. Akamwuliza Kiroboto peke yake, na Kiroboto akajibu kwamba yeye alipanga majina tu. Aliyasema maneno hayo akitazama kiatu chake, na ardhi haikupasuka. Mwalimu mkuu akaona ushahidi unatosha: saini ina mwenyewe. Breki akavuliwa uongozi, akafutwa katika majina ya kupelekwa kwa mhandisi, na akapewa wiki ya kuosha masufuria. Kesi ikafungwa, na chumba cha kompyuta kikafungwa pamoja nayo.

Wiki nzima watoto wadogo walimwimbia Breki "Bibi Kamba". Kila alipokutana na Kiroboto alisimama kidogo, akamtazama, kama mtu aliyeacha mlango wazi. Kila mara Kiroboto alikumbuka kazi ya haraka mahali pengine.

Jumamosi mhandisi alifika. Alikuwa mama mfupi, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea. Mwalimu mlezi alikifungua tena chumba cha kompyuta, akamleta Kiroboto mbele ya mgeni, akamsifu vidole, kisha akaeleza kwa kifupi mkasa wa Jumatatu. Akamhakikishia mgeni kwamba mambo yameshatengenezwa: aliyekosea ameondolewa.

Mhandisi alimwuliza Kiroboto kosa kubwa alilowahi kufanya katika kazi. Kiroboto alitabasamu, akasema labda ni kupenda kazi kupita kiasi.

"Hiyo ni sifa umeivalisha nguo za kosa," mhandisi alisema. "Haya, tuione hiyo programu."

Akaifungua, akaitazama kidogo, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma. Kiroboto akamdaka mkono.

"Usibonyeze, mama."

"Kwa nini? Mwalimu amesema imetengenezwa."

"Itawafikia wazazi wa kweli tena."

"Wewe umejuaje?"

Mwalimu mlezi, aliyekuwa amerudia madaftari yake, aliacha kusahihisha. Kiroboto aliutafuta uongo kila mfuko, akakuta mifuko mitupu. Akauonyesha mstari kwa kidole. Ulikuwa vilevile alivyouacha Ijumaa. Tangu Jumatatu watu wazima na watoto walikuwa wameshughulika na mkosaji, na hakuna hata mmoja aliyegusa kosa.

Akaeleza yote, na kengele ya chakula pia.

Breki aliitwa kutoka jikoni, mikono ikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko, akaambiwa nafasi ni yake. Mwalimu mkuu alimwomba radhi kwa sauti ndogo sana, isiyo na mazoezi. Kisha mhandisi akamchukua mwalimu mkuu pamoja na Kiroboto kwenye gari lake mpaka kiwandani, na Kiroboto akasimulia upya mbele ya msimamizi. Mama yule alirudishwa kazini. Ila mashine yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na zamu iliyobaki ilikuwa ya usiku. Alishukuru. Hakumtazama Kiroboto.

Njiani kurudi, mhandisi alisema bila kuondoa macho barabarani:

"Mwanangu, ofisini kwangu watu wanakosea kila wiki, na mimi ndiye bingwa wao. Mwenzako alikosea, akasema siku ileile. Huyo nitamfundisha kusoma kabla ya kutia saini. Wewe una vidole kumshinda, lakini ulijua ukweli siku nane ukanyamaza. Kosa likisemwa mapema linarekebishwa na mtu mmoja. Likifichwa, wasiohusika ndio wanaolilipia. Njoo mwakani, nikuulize swali lilelile."

Mwalimu mkuu aliketi kiti cha nyuma, akisikiliza kama naye ni mwanafunzi.

Jioni Kiroboto alimkuta Breki bwenini akikunja nguo za safari ya likizo. Akamwambia, "Dada, nisamehe."

Breki aliweka shati moja ndani ya begi, akalilaza vizuri.

"Jumatatu ningekusamehe kabla hujamaliza kusema," alisema. "Leo ni Jumamosi."

Akachukua shati lingine, akaendelea kukunja.