Pazia la Mita

Fundi cherehani hakupenda kitu kikae uchi. Redio yake ilivaa kitambaa. Jagi la maji lilivaa kitambaa chenye shanga pembeni. Hata kiti kibovu cha uani kilishonewa foronya yake. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, alizoea kumtania.

"Siku nikilala sana humu ndani, nitaamka nimetiwa vifungo!"

"Wewe lala tu," mkewe alimjibu. "Kipimo chako ninacho."

Siku walipohamia nyumba mpya, furaha ilikuwa tele. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule na kibaraza. Sasa mama wa mume angeweza kuja kukaa nao. Miaka mitatu alikuwa akiishi peke yake, mbali, na magoti yake yalimsumbua. Mume, huyo mpaka rangi, alikipaka chumba cha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, rangi ya maziwa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Ukutani pale kibarazani, karibu na mlango, palikuwa na mita ya umeme, ndani ya kisanduku cha bati kilichobabuka.

"Hiyo ndiyo sura ya kumkaribisha mteja?" fundi alisema.

Hata sufuria zilikuwa hazijafunguliwa. Alichukua futi yake akakipima kile kisanduku. Kisha akafungua daftari lake la vipimo. Fundi huyu alikuwa na mazoea yake. Kitu chochote alichotaka kukishonea, alikichora kwanza, na juu ya mchoro aliandika tarehe. Basi akaichora mita, na kioo chake, na namba zake. Jioni pazia la maua lilikuwa tayari. Alilifunga kwa vifungo sita ili upepo usilipeperushe, na chini yake akaweka kopo la maua.

Kesho yake mama mkwe akafika na mkoba wake mmoja. Akalisifu sana lile pazia. Hakuuliza limefunika nini.

Tangu hapo kila asubuhi birika la umeme lilichemka mara mbili. Maji yale yalichanganywa na ya baridi, mama akaoga, na magoti yakalegea. Baada ya kuoga alikuwa akiimba. Fundi aliupenda wimbo ule, ingawa mama aliukosea maneno.

Wiki ya sita, mtu alipenyeza karatasi chini ya mlango. Ilikuwa ankara ya umeme. Mpaka rangi aliichukua akasoma mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa. Akakaa juu ya ndoo ya rangi bila kuangalia kama ina mfuniko.

"Mke wangu, hii ni kodi ya nyumba ya miezi miwili!"

"Hebu! Umeme gani huo? Tunapikia mji mzima?"

"Na wanasema tusipolipa ndani ya siku kumi na nne, wanakata."

Fundi aliitazama cherehani yake. Ilikuwa ya umeme. Mezani palikuwa na sare za shule arobaini ambazo zilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Labda ni hii cherehani," alisema kwa sauti ndogo.

"Labda ni pasi," alisema mume. "Nitakwenda kukopa. Tutafanyaje?"

Hakuna aliyelitaja birika. Lakini mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo.

Asubuhi iliyofuata birika lilikaa kimya. Fundi alisikia maji yakimwagika bafuni, kisha akasikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyemwagiwa barafu. Wimbo haukusikika. Aliposogea chumbani, alimkuta mama mkwe amekaa kitandani, midomo inamtetemeka. Mkoba ulikuwa mapajani, umejaa.

"Mama! Mkoba wa nini?"

"Wa safari, mwanangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa wiki sita na jembe sijalishika. Nimekaa kazi yangu kuchemsha umeme wenu."

"Nani kakwambia ni wewe?"

"Nani anifiche? Kabla sijaja mlikuwa mnalipa kidogo. Nimekuja, deni limekuja. Jumamosi mwanangu atanisindikiza."

Fundi alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Alisema, "Ngoja nikanunue uzi," akatoka mbio.

Uzi uliuzwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Mama Namba. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu miaka kumi na moja alizunguka nyumba kwa nyumba akisoma mita. Mbwa wa tatu alipomuuma, aliacha kazi akafungua kibanda.

"Nipe uzi mweupe," alisema fundi.

"Uzi huu hapa. Na hayo machozi ya nani?"

Fundi alijaribu kucheka, akashindwa. Akaeleza yote, ankara, birika na mkoba.

Mama Namba alifunga kibanda chake saa ile ile. "Twende. Uhai wa mita ninaujua mimi. Hiyo ankara mmeisoma?"

"Tumesoma. Tumeona pesa."

"Mmesoma mkia, mkaacha ng'ombe mzima!"

Walipofika kibarazani, Mama Namba alitazama kulia, akatazama kushoto. "Mita yenyewe iko wapi?"

"Si hapo, nyuma ya pazia."

Mama Namba alishika nguzo ya kibaraza akacheka mpaka akafuta macho. "Maskini msomaji mita! Mtoto wa watu alikuja hapa akazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Mama mkwe alitokeza mlangoni. "Kijana mwenye kofia na daftari? Alikuja, ndiyo. Aliniuliza mita iko wapi. Nikamwambia mimi mgeni, mwanangu, sijawahi kuiona."

"Na mimi ndiye niliyeifunika," alisema fundi. Masikio yalimwaka moto.

"Msilie bado," alisema Mama Namba. "Leteni hiyo ankara. Tuisome kuanzia juu."

Aliwaonyesha kwa kidole. "Hapa pana namba ya mita. Lazima ilingane na iliyo kwenye kisanduku. Hiyo tutaitazama tukifungua pazia. Hapa ni usomaji uliopita, 31,380. Na hapa usomaji wa sasa, 32,020. Ukitoa unapata uniti 640, ndizo mnazodaiwa. Sasa someni neno hili dogo pembeni."

Fundi alisoma polepole. "Ya-me-ka-di-ri-wa."

"Maana yake hawakusoma, walikisia. Msomaji asipoiona mita, ofisi inaangalia nyumba ilitumia kiasi gani zamani. Kabla yenu aliishi nani hapa?"

"Fundi wa kuchomelea vyuma."

"Basi! Mnalipishwa mageti na madirisha ya watu! Fungua hilo pazia."

Vifungo sita vikafunguliwa. Namba ya mita ililingana, na nyuma ya kioo palikuwa na namba nyingine. "Hii nyekundu ya mwisho iacheni, ni kipande tu cha uniti. Someni hizi nyeusi."

"Thelathini na moja elfu, mia nne tisini na nane," alisoma fundi. Akaitazama ankara tena. "Lakini ankara inasema thelathini na mbili elfu na ishirini."

"Ndiyo. Wanasema mita imeshafika mahali ambapo haijafika. Na mita haijui kurudi nyuma. Siku mnahamia ilikuwa ngapi? Mliandika?"

"Nani anaandika namba za mita siku ya kuhama?" alisema fundi. Mara akashika mdomo. Alikimbilia ndani akarudi na daftari la vipimo. Alifungua kati ya kiuno cha bibi harusi na mikono ya sare. Palikuwa na mchoro wa mita, tarehe juu, na namba kwenye kioo, 31,406.

Mama Namba aliubusu ule ukurasa. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwenu ina daftari! Kwa wiki sita mmetumia uniti 92. Cherehani, pasi, taa na birika, vyote humo."

"Birika humo?" aliuliza mama mkwe kwa mashaka.

"Lichemsheni sasa hivi tuone."

Birika likawashwa. Ndani ya mita, kisahani chembamba kikaanza kuzunguka kwa kasi. Mama mkwe alikikodolea macho kama mtu anayemwangalia mwizi. Birika likachemka, kisahani kikapunguza mwendo. Namba nyeusi zilikuwa vile vile.

"Mabirika mawili kwa siku hayafiki hata nusu uniti," alisema Mama Namba. "Kaoge, mama. Maji ndiyo hayo."

Mama mkwe alichukua birika, lakini mkoba hakuufungua. "Karatasi ikibadilika, nitaamini," alisema.

Siku ya pili mpaka rangi na mkewe walikwenda ofisi ya umeme. Walibeba ankara, mkataba wa nyumba, daftari, na picha ya mita waliyoipiga asubuhi ile kwa simu. Karani hakuinua macho.

"Lipeni kwanza. Malalamiko baadaye."

Fundi hakuzoea kubishana na watu wa ofisi. Kwa kawaida angesema "haya" akaondoka. Lakini alikumbuka ile pumzi aliyoisikia bafuni. Akaweka daftari juu ya meza.

"Samahani, kaka. Hatukatai kulipa. Tutalipa tulichotumia. Lakini ankara hii ni ya makadirio. Mita leo inasoma 31,500. Ninyi mmeandika 32,020. Tunaomba mita isomwe. Tunaomba pia utupe namba ya lalamiko letu, na utuandikie kwamba umeme hautakatwa wakati tunasubiri."

Karani aliinua macho. Alilitazama daftari. "Hiki kiuno ni cha nani?"

"Cha bibi harusi. Tazama ukurasa wa pili."

Karani alitabasamu. Alisoma, akalinganisha, akaandika. Waliondoka na karatasi yenye namba na mhuri.

Jumamosi ya mkoba ilifika kabla ya ankara mpya. Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa amevaa viatu. Ndipo akaja yule kijana mwenye kofia.

"Karibu!" fundi aliita kabla hajabisha. "Mita hii hapa. Haina nguo leo."

Kijana alisoma, akaandika, na kuwaonyesha alichoandika. Mpaka rangi alimgeukia mama yake. "Mama, subiri karatasi. Ikija kubwa, nitakusindikiza mwenyewe."

Karatasi ilikuja baada ya siku nane. Deni lilikuwa dogo kuliko bei ya ndoo mbili za rangi. Uniti 26 za kabla ya kuhamia kwao, mwenye nyumba alikubali kuzilipa yeye alipoona tarehe daftarini. Umeme haukukatwa. Sare arobaini zilikwisha, na zikabaki siku mbili.

Fundi hakulitupa pazia. Alilikata dirisha katikati, akalizungushia utepe mwekundu. Kila Jumapili mama mkwe husimama mbele yake na daftari jipya. Macho yake yamezoea namba sasa.

"Thelathini na moja elfu, mia tano sitini na tisa!" hutangaza, mtaa mzima usikie.

"Umeandika, mama?"

"Nimeandika na tarehe juu. Sasa weka birika."

Mkoba wake fundi ameuomba. Anawekea vipande vya vitambaa. Na bafuni wimbo umerudi, na maneno bado anayakosea.